Nilifuta faili la ibdata1 kwa tatizo la dakika mbili: yaliyonikuta na databesi ya duka

Naandika hii nikiwa nimeshatulia, maana wiki ile yenyewe nisingeweza kuandika hata meseji ya kueleweka. Kama na wewe unasimamia mashine ya mtu, duka, famasi, shule, chochote chenye MySQL (programu inayotunza databesi) ndani yake, soma hadi mwisho hata kama unajiona unajua, mimi pia nilijiona najua.

Niko Morogoro. Kuna mama mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi, nilimtengenezea programu ya mauzo kwa C#, kompyuta mbili za kaunta na moja ya ofisini ndo seva, ndani yake nimeweka XAMPP (kifurushi kinachokuja na MySQL ndani) kwa sababu ndo niliyokuwa naijua tangu chuo. Kaunta zinaunganisha moja kwa moja kwenye anwani ya seva, 192.168.1.10, porti 3306 (mlango ambao MySQL inasikilizia). Ilikaa zaidi ya mwaka inafanya kazi vizuri tu, ananilipa laki moja kwa mwezi ya matunzo, na kusema ukweli nilikuwa siitunzi, nilikuwa napokea tu.

Jumatatu saa mbili asubuhi simu inaita, dada wa kaunta. "Kaka fundi, mashine zote mbili zimegoma, wateja wamejaa." Nikamuuliza zinaandikaje, akanijibu zinaandika "Kuna tatizo, mpigie fundi." Hayo maneno niliyaandika mimi mwenyewe kwenye programu. Yaani kosa lolote likitokea, paswedi mbaya, kebo imechomoka, seva imekufa, mtumiaji anaona sentensi moja hiyo hiyo, ule ujumbe halisi nilikuwa nauficha usimtishe dada. Sasa nikawa natishika mimi. Kama unaandika programu, mwonyeshe mtumiaji sentensi nzuri sawa, ila ujumbe wenyewe uandike kwenye faili pembeni na namba yake, utakuja kunishukuru.

Nikafika dukani na bodaboda, na njiani nilishamjua mchawi: umeme. Jumapili ulikatika mtaa mzima karibu siku nzima, nikasema basi, databesi imeharibika kwa umeme, kila mtu anajua umeme unaua databesi. Sikukumbuka kwamba Jumamosi jioni ile kompyuta niliizima mwenyewe vizuri kabisa, umeme ulivyokatika Jumapili ilikuwa imelala tangu jana yake. Umeme ulisingiziwa siku ile.

Nafungua paneli ya XAMPP, nabonyeza Start kwenye MySQL, inawaka njano sekunde mbili inazima, maandishi mekundu yanasema MySQL imezima bila kutarajiwa na huenda porti imezibwa, au kuna kitu kinakosekana, au ruhusa haziko sawa. Porti ndo imetajwa ya kwanza kabisa. Niliyaona yale maandishi, sikuyasoma, naomba mnielewe hapo, kuona na kusoma ni vitu viwili. Nikafungua phpMyAdmin (ukurasa wa kuendeshea databesi kwenye brauza), ikanipa kosa namba 1045, root wa localhost (mtumiaji mkuu wa kompyuta hiyohiyo) amekataliwa, hakutumia paswedi. Nikaenda kaunta, nikajaribu kuingia kwa amri ya mysql kupitia mtandao, ikaja 1130, kwamba kompyuta hii hairuhusiwi kuunganisha kwenye seva hii.

Tusimame hapa kidogo kwa sababu jibu lote lilikuwa hapa na mimi nikalipita kama gari la mkaa. Paneli inasema MySQL imezimwa. phpMyAdmin inasema paswedi imekataliwa. Kama MySQL imezimwa, huyo anayenikatalia paswedi ni nani? Nyumba haina mtu halafu mtu anakujibu hodi kwa ndani! Lakini nilikuwa na presha, mama yuko nyuma yangu amesimama na khanga mabegani hasemi kitu, wateja wawili wa mabati wanalalamika, nikaona ni makosa matatu tofauti na kila moja nikalianzishia vita yake. Nikahariri faili la mipangilio la phpMyAdmin, config.inc.php, nikajaribu paswedi zote ninazozijua. Nikazima faiwoli ya Windows. Nikachomoa rauta nikaichomeka. Nikawasha kompyuta upya mara nne. Nikafungua Task Manager nikaona mysqld.exe (MySQL yenyewe ikiwa kazini) ipo na inakula memori, nikamwambia mama "ipo hai, imegoma kidogo tu."

Saa nne nikaingia YouTube kwa bando langu, nikakuta video ya kijana anaongea kwa kujiamini sana, anasema XAMPP ikigoma hivyo nenda kwenye folda ya mysql\data, futa ibdata1 na zile ib_logfile, washa, itajitengenezea mpya. Chini watu wanashukuru. Nikafuta. Tena nilitumia Shift na Delete, hata kwenye kapu la takataka zisipite, kwa mbwembwe. Sikukopi ile folda kwanza. Folda nzima haikufika hata GB moja, ingeingia kwenye flashi kwa dakika chache.

Nikabonyeza Start. Ikagoma vilevile.

Mchana wote dada wa kaunta aliandika mauzo kwenye kaunta buku, mimi nimekaa ofisini nazunguka kwenye mambo yaleyale. Sikula. Saa kumi jioni nikampigia jamaa yangu mmoja tuliyesoma naye, yuko Dodoma, anafanya kazi hizi za seva kila siku. Nilichelewa kumpigia kwa sababu moja tu ya kijinga, sikutaka ajue sijui. Nikaanza kumpa hadithi ndefu ya umeme, akanikata: "Log inasemaje?"

"Log gani?"

Akanyamaza. Akasema tena polepole kama anaongea na mgonjwa, fungua C:\xampp\mysql\data, kuna faili linaitwa mysql_error.log, lifungue kwa Notepad, shuka hadi chini kabisa unisomee. Nikasoma. Inasema imeshindwa kushika porti, na mstari unaofuata ni swali, wallahi ni swali, linauliza kama tayari nina mysqld nyingine inayofanya kazi kwenye porti 3306. Tangu saa mbili asubuhi lile faili linaniuliza kila nikibonyeza Start, na nilikuwa nimeshabonyeza labda mara arobaini.

Jamaa akaniuliza, "Unayo nyingine?" Hapo ndo mwili ukaisha nguvu. Jumamosi jioni baada ya duka kufungwa nilibaki pale. Laptopu yangu kioo kilikuwa kimepasuka, nilikuwa nafuata kozi ya mtandaoni na somo lilitaka MySQL 8 pamoja na Workbench, nikasema ngoja nitumie hii ya ofisini mara moja. Nikazima XAMPP ili isinisumbue, nikainstoli MySQL 8, ikakuta 3306 iko wazi ikaichukua, ikajiweka kama huduma ya Windows inayojiwasha yenyewe kompyuta ikiwaka, ikajifungulia na faiwoli, maana ndivyo ile instola inavyokuja usipogusa kitu. Nikafanya mazoezi yangu saa moja, nikazima, nikaenda nyumbani, nikasahau kabisa.

Kwa hiyo kila kompyuta inapowaka, mgeni anaamka kabla ya mwenye nyumba na kukalia kiti. XAMPP ikija inakuta kiti kina mtu, inaondoka. phpMyAdmin inabisha 3306 inajibiwa na mgeni, ambaye root wake ana paswedi niliyoiweka Jumamosi kwa mikono yangu mwenyewe, ndo maana 1045. Kaunta zinabisha kwa mgeni huyohuyo, hana akaunti yoyote ya kompyuta za nje, ndo maana 1130. Na ile mysqld.exe niliyoiona Task Manager nikafurahi, ilikuwa ya mgeni, zote mbili zina jina hilohilo. Bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu yake uchague kufungua mahali faili lilipo, kama inakupeleka Program Files\MySQL badala ya xampp, ushajua. Jamaa alinionyesha na njia nyingine, andika netstat -ano | findstr :3306 kwenye cmd, mwisho wa mstari kuna namba ya prosesi, hiyo ndo inayoshika porti. Na ukifanikiwa kuingia mahali popote na huna uhakika umeingia wapi, andika SELECT @@version, @@port, @@datadir. Itakuambia yenyewe ni nani na mafaili yake yako wapi. Mimi hii sasa naiandika kabla ya kitu chochote, ni kama kuuliza mtu jina kabla ya kumkopesha.

Dawa yenyewe: fungua services.msc (orodha ya huduma za Windows), tafuta MySQL80, ndo ile MySQL 8, Stop, halafu Startup type weka Manual. Dakika mbili. Ungependa zote ziishi pamoja, moja ihamishie 3307 kwenye my.ini yake. XAMPP ikawaka kijani. Nikashangilia, mama akasema "Alhamdulillah", nikafungua jedwali la bidhaa.

Kosa 1932. Jedwali halipo kwenye injini.

Bidhaa, mauzo, wateja, yote yanaonekana kwa majina, ukigusa hakuna. Nikamweleza jamaa nilichofuta na simu ikawa kimya tena. Kwa wasiojua, kwenye MariaDB ya XAMPP (XAMPP ya siku hizi ndani ni MariaDB hata kama kitufe kimeandikwa MySQL) kila jedwali la InnoDB (injini inayohifadhi majedwali) lina faili lake la .ibd lenye data, lakini orodha ya nani ni nani iko ndani ya ibdata1. Nilikuwa nimechoma daftari la usajili, watu wapo ila serikali haiwatambui. Yule kijana wa video hakudanganya, kweli inajitengenezea mpya. Mpya tupu!

Mama akaniuliza swali moja tu. "Na madeni ya watu?" Pale kuna mafundi wanakopa saruji na nondo wanalipa wakilipwa, ni mamilioni, na madeni ya wengi wao yalikuwa kwenye kompyuta peke yake kwa sababu mimi ndo nilimshawishi aache daftari. Nilimwambia "yapo mama, nipe siku mbili" na sikuwa na uhakika hata kidogo. Nililala saa nane usiku, sikulala.

Bakapu nilikuwa nayo ya siku kumi na moja nyuma, mysqldump (databesi nzima imetolewa kwenye faili moja la maandishi, ndo dump) kwenye flashi, imebaki humo kwa bahati tu. Ila bakapu ile ikatusaidia kwa namna ambayo sikutegemea, ilikuwa na muundo wa majedwali. Jumanne jamaa akaniongoza kwa simu, kwanza nikopi folda nzima ya data ilivyo, na kopi yake ingine, ndo tuanze. Unatengeneza databesi mpya, unaingiza muundo mtupu kutoka bakapu, unazima foreign_key_checks (ukaguzi wa uhusiano kati ya majedwali), kisha kwa kila jedwali unaandika ALTER TABLE jina DISCARD TABLESPACE (liachie faili lake tupu), unaweka lile faili la .ibd la zamani kwenye folda yake, unaandika ALTER TABLE jina IMPORT TABLESPACE (lipokee hilo la zamani). Inatoa onyo kwamba faili la .cfg halipo, lipite. Majedwali 23, moja moja, kila likirudi na idadi yake ya mistari namwambia Mungu asante. Kilichotuokoa ni kwamba Jumamosi XAMPP niliizima kwa utaratibu, kila kitu kilikuwa kimeshaandikwa kwenye .ibd. Ingekuwa kweli ni umeme uliikata katikati ya kazi, na log zake nimefuta, sijui ningekuwa naandika nini leo.

Jedwali la 23 ndo madeni. Na hilo wiki iliyopita nilikuwa nimeliongezea kolamu mbili, simu ya mdhamini na tarehe ya ahadi, baada ya ile bakapu. Muundo wa zamani haulingani na faili. Nikapekua programu yangu kuona kolamu zinaandikwaje, nikabahatisha mpangilio, nikajaribia kwenye kopi. Mara ya kwanza seva ilizima yenyewe. Mara ya pili majina yakatoka vizuri lakini kiasi na tarehe vikasoma vituko, kuna fundi alikuwa anadaiwa bilioni. Nikaja kukumbuka Jumatano mchana kwamba zile kolamu mbili niliziruhusu kukaa tupu, na mimi kwenye muundo niliandika NOT NULL, yaani marufuku kukaa tupu. Kitu kidogo hicho kinasogeza kila kitu. Nikabadilisha, nikaingiza, nikampigia mama aje na daftari lake la zamani lenye wadaiwa wanne wa muda mrefu, tukalinganisha mmoja mmoja kwa sauti. Wakalingana wote wanne. Nikatoa dump papo hapo, nikafuta XAMPP, nikaweka upya, nikarudisha dump, maana jamaa alisisitiza usiendelee kuishi kwenye nyumba uliyoizibaziba.

Gharama, kwa wanaopenda kujua: mwezi ule nilikubali nusu ya malipo, elfu hamsini. Jamaa hakutaka hela, nilimtumia elfu thelathini ya soda kwa nguvu. Bando sikuhesabu. Diski ya nje nilinunua kwa hela yangu, na sasa dump inatoka kila siku saa moja jioni kupitia Task Scheduler na kila wiki naondoka na kopi. Dada wa kaunta wawili walikesha Jumatano wakiingiza mauzo ya siku mbili na nusu kutoka kaunta buku, mama aliwalipa na kuwanunulia chipsi kuku, mimi sikuthubutu kugusa chipsi zile.

Haya, Ijumaa ya wiki ileile, saa tano, simu. Kaunta hazishiki tena. Moyo ulienda mbio lakini safari hii sikugusa kitu, nilianza na kusoma. Kwenye programu nilishaondoa ile sentensi yangu, sasa inaandika faili, nikamwambia dada anisomee namba ya mwisho. 10061. Nilikuwa nimeshazishika kwa kichwa: 10060 maana yake kimya, umebisha hakuna aliyejibu, ama anwani siyo ama faiwoli inameza. 10061 maana yake umefika kwenye mashine, ila kwenye hiyo porti hakuna anayesikiliza. Zile za 1045 na 1130 maana yake umefika na kuna mtu, ila hakutambui, kwa hiyo usihangaike na kebo. Basi nikasema seva imezima. Nikamwomba mama aangalie XAMPP, akasema ni ya kijani. Nikasema wapige ping 192.168.1.10 (kubisha tu kuona kama anwani inajibu) kutoka kaunta. Inajibu.

Seva iko kijani, anwani inajibu, porti haina mtu. Siku nne kabla ningeshaanza kufuta mafaili. Nikajiuliza lile swali langu jipya, huyu anayejibu ni nani? Nikamwambia mama aandike ipconfig kwenye kompyuta ya ofisini, ionyeshe anwani yake. 192.168.1.14. Umeme ulikuwa umerudi asubuhi, rauta ikagawa anwani upya, seva ikapewa 14, na 10 akapewa mwingine. Nikamwambia dada aandike arp -a kaunta anisomee ile namba ndefu ya kadi ya mtandao ya huyo mwenye 10, halafu kila mtu aangalie kwenye simu yake kwenye mipangilio ya Wi-Fi kama ni yake.

Kimya kidogo, halafu nikasikia dada anacheka. "Kaka, ni simu yangu."

Siku nne zote hizo najifunza, halafu duka zima la mabati linajaribu kuingiza mauzo kwenye simu ya Tecno iliyokuwa kwenye chaji chini ya meza. Nikaingia kwenye rauta nikaifungia seva anwani ya 10 kwa namba yake ya kadi ya mtandao, simu ikapewa nyingine, kaunta zikashika. Toka simu ilipoita hadi hapo ni kama dakika kumi na tano, nyingi zikiwa za kusomeana namba.

Nilipopita Jumamosi kuchukua kopi nilibandika karatasi juu ya ile kompyuta ya ofisini, nimeandika kwa maka peni, HII NI MASHINE YA DUKA, USIINSTOLI CHOCHOTE. Jumatatu nikakuta mtu ameongezea chini kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa mama: hasa wewe.